Kuipatia Kompyuta ya Zamani Intaneti ya Simu

Leo hatutazungumza juu ya mbegu, wala samadi, wala viwavijeshi. Leo tutazungumza juu ya chombo ambacho pengine kipo katika ofisi ya chama chenu cha msingi, kimefunikwa kanga juu ya kabati, na kila mtu anasema kimekufa. Chombo hicho ni kompyuta mpakato, ile ambayo wengi wetu tunaiita laptopu.

Tuseme chama chenu ni cha wakulima wa ufuta na dengu katika wilaya ya Chamwino, mbali na Dodoma mjini. Mavuno yameingia ghalani. Katibu anatakiwa kupeleka orodha ya wakulima, kila mmoja na kilo zake na namba yake ya akaunti. Orodha ameiandika vizuri katika laptopu. Lakini laptopu hiyo haina intaneti. Basi katibu anafanya nini? Anaitia orodha katika flashi, anapanda basi alfajiri, anakwenda steshenari ya mjini, anatuma, analala kwa shemeji yake, na kesho yake anarudi. Hata hajakaa vizuri, anapigiwa simu: akaunti ya mama mmoja imekosewa tarakimu moja. Apande basi tena! Nauli hiyo analipa nani? Mnalipa ninyi wanachama. Na yule mama anangoja fedha zake wiki nzima, huku watoto wanahitaji sare za shule.

Kumbe muda wote huo katibu alikuwa na intaneti mfukoni mwake. Simu yake janja inaweza kuigawia laptopu ile intaneti bila waya, na bila kununua chombo kingine chochote. Gharama yake ni bando tu, lile lile analonunua kila siku. Hilo ndilo somo letu la leo.

Jambo hili ni kitu gani?

Wazee wetu watakumbuka kampeni za redio za miaka ya sabini. Mwaka 1973 ilikuwapo kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu wazima wapatao milioni mbili walishiriki katika Mtu ni Afya. Je, kila mmoja alikuwa na redio yake? La, hasha. Kikundi kizima kilikaa chini ya mti na redio moja, wakasikiliza pamoja, kisha wakajadiliana. Chombo kimoja kilihudumia wengi.

Intaneti ya simu inaweza kutumika vivyo hivyo. Simu hupokea intaneti kutoka katika mnara wa kampuni ya simu. Ukiiamuru, itaitangaza tena kwa mawimbi yake madogo, kama kituo kidogo cha redio ambacho sauti yake inafika mwisho wa chumba tu. Laptopu, simu ya pili, hata vyombo vitatu au vinne, vitayapokea mawimbi hayo. Kituo hicho kidogo, simu zilizowekwa Kiswahili hukiita mtandaopepe. Vijana mitaani wanasema hotspoti. Na mawimbi yenyewe ndiyo hayo yanayoitwa waifai.

Mahitaji

Unahitaji vitu vinne. Cha kwanza ni simu janja yenye bando la intaneti. Cha pili ni laptopu inayowaka, hata kama ina umri wa miaka kumi na mitano. Cha tatu ni mahali ambapo simu inashika mtandao vizuri. Cha nne ni neno la siri ambalo utalitunga mwenyewe.

Kazi ya upande wa simu

Fungua Mipangilio ya simu. Katika simu nyingi alama yake ni gurudumu lenye meno, mfano wa gurudumu la mashine ya kukamua alizeti. Tafuta mahali palipoandikwa Mtandao na intaneti, au Miunganisho. Ndani yake utakuta Mtandaopepe. Hapo fanya mambo haya matatu.

Kwanza, upe mtandao wako jina. Liwe fupi, la herufi na namba tupu, lisilo na nafasi wala vikorombwezo. OFISI1 latosha. Usiweke jina lako wala namba yako ya simu, kwa sababu kila apitaye karibu na simu yake ataliona.

Pili, weka neno la siri. Liwe na herufi zisizopungua nane, na kumi na mbili ni bora zaidi. Usitumie 12345678. Hilo hata mtoto anayechunga mbuzi atalikisia.

Tatu, washa mtandaopepe, na hakikisha data ya simu nayo imewashwa. Wengi husahau data. Wanawasha mtandaopepe peke yake, halafu wanashangaa kwa nini hakuna kinachokuja. Ni sawa na kufungua bomba huku tangi ni tupu.

Kazi ya upande wa laptopu

Washa laptopu, ungoje itulie kabisa. Chini kulia, karibu na saa, utaona alama ya mawimbi au ya vijiti vinavyopanda kama ngazi. Bonyeza hapo. Yatatokea majina ya mitandao iliyo karibu. Chagua OFISI1, andika neno la siri, kisha kubali. Mambo yakienda sawa, kazi imekwisha. Fungua programu ya kuperuzi uone.

Lakini, ndugu mkulima, mara nyingi mambo hayaendi sawa, na ndiyo maana laptopu ile ilifunikwa kanga. Katibu alijaribu mara moja, ikakataa, akasema ni mbovu. Nataka nikwambie neno moja ulishike: mara nyingi kompyuta ya zamani si mbovu, ila haijapatana na simu mpya. Laptopu ni mzee na simu ni kijana. Mzee hawezi tena kujifunza lugha ya vijana, lakini kijana bado anaijua lugha ya mzee. Kwa hiyo ikikataa, usianze kuipigapiga laptopu. Nenda kwenye simu, uiamuru imshukie mzee wake. Sasa hebu tuangalie vikwazo kimoja kimoja.

Kikwazo cha kwanza: laptopu haioni mtandao wo wote

Majina hayatokei kabisa. Chunguza kwanza kama waifai ya laptopu imezimwa. Laptopu nyingi za zamani zina swichi ndogo ubavuni au upande wa mbele, na mtu huisukuma bila kujua anapoitia mkobani. Nyingine zina kitufe chenye picha ya mnara, katika mstari wa juu kabisa wa vitufe, na hubonyezwa pamoja na kitufe cha Fn kilicho chini kushoto.

Kikwazo cha pili: inaona mitandao mingine, lakini haioni wa simu yako

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Sababu yake ni hii. Kama vile redio ilivyo na bendi ya FM na bendi ya masafa mafupi, waifai nayo ina bendi zake. Iliyozoeleka tangu zamani ni ya gigahezi 2.4, na nyingine ni ya gigahezi 5. Laptopu nyingi za zamani zinajua ile ya 2.4 tu. Simu mpya, kwa kupenda kasi, inaweza kuwa inatangaza katika ile ya 5. Laptopu haitaisikia kamwe, hata ukaiweka juu ya simu yenyewe, kama ambavyo redio isiyo na FM haiwezi kusikia FM.

Dawa yake ni kurudi kwenye simu, katika ukurasa ule ule wa mtandaopepe, na kutafuta neno bendi au masafa. Chagua gigahezi 2.4. Simu nyingine haziandiki hivyo. Zina swichi inayosema kwamba itasaidia vifaa vingine kuupata mtandao huu. Iwashe hiyo. Kasi itapungua kidogo, lakini kwa kutuma orodha na kusoma barua hutaona tofauti. Tena mawimbi ya 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi.

Kikwazo cha tatu: inaona jina, lakini inakataa neno la siri

Umeandika neno la siri sawasawa, herufi kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo, bado inakataa. Hapa tatizo ni aina ya ufunguo. Waifai hulindwa kwa kanuni za siri, na kanuni ya kisasa inaitwa WPA3, ambayo ilitolewa mwaka 2018. Laptopu iliyotengenezwa kabla ya hapo huenda haiijui. Rudi kwenye simu, tafuta neno usalama, kisha chagua WPA2. Hiyo bado ni kinga ya kutosha, mradi neno lako la siri liwe refu. Ila usije ukachagua ile isiyo na neno la siri kabisa kwa kutaka urahisi. Utakuwa umeacha mlango wa ghala wazi usiku.

Kikwazo cha nne: imeunganishwa, lakini kurasa hazifunguki

Hiki nacho huwachanganya watu wengi. Alama inaonyesha umeunganishwa, lakini kila ukurasa unaleta onyo kwamba si salama. Kabla ya jambo lingine, angalia tarehe ya laptopu. Ndani ya laptopu mna betri ndogo, katika nyingi ni ya duara kama ya saa, ambayo hutunza saa na tarehe hata kompyuta ikizimwa. Laptopu ikikaa miaka mingi, betri hiyo hufa. Ukiiwasha, inaweza kudhani kwamba leo ni mwaka 2009. Sasa kurasa za intaneti zina vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayodhani tuko 2009 inaviona vyeti hivyo kuwa havijaanza kutumika, nayo inakataa.

Bonyeza saa iliyo chini kulia, urekebishe tarehe, mwezi na mwaka. Kwenye majira ya mahali chagua Nairobi, kwa kuwa saa za Nairobi na za Dodoma ni zile zile. Na kumbuka kwamba kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Saa tatu yetu ya asubuhi, yenyewe huandika 9. Saa tisa ya alasiri, huandika 15, au 3 yenye herufi PM. Kama kila asubuhi tarehe inarudi nyuma, mwambie fundi aibadilishe ile betri ndogo.

Kikwazo cha tano: ilikuwa inafanya kazi, ikakatika

Katibu alitoka kidogo kupima magunia, aliporudi hakuna mtandao. Simu nyingi huuzima mtandaopepe zenyewe baada ya dakika kadhaa kama hakuna chombo kinachoutumia, ili kutunza chaji. Uwashe tena. Kama hilo linakusumbua, tafuta katika ukurasa ule ule swichi ya kuzima kiotomatiki, uiondoe. Ila ukimaliza kazi usisahau kuuzima mwenyewe.

Bando lisiliwe na panya

Sasa tuje kwenye fedha. Wengine watauliza: "Mbona niliwasha nusu saa tu na bando la wiki likaisha?" Swali zuri. Simu ikiwa peke yake inajua kwamba intaneti inanunuliwa, nayo inajibana. Laptopu haijui. Inapoona waifai, inadhani imefika mjini penye intaneti ya bure, nayo huanza kupakua masasisho yake kimya kimya, bila wewe kuomba.

Fikiri hivi. Gigabaiti moja ni kama gunia la kilo mia moja la mtama. Megabaiti ni sehemu yake moja ya elfu, yaani gramu mia, kama kiganja kimoja. Orodha ya wanachama mia mbili, iliyoandikwa kwa maandishi tu, haifiki hata kiganja kimoja. Picha moja ya hati iliyopigwa kwa simu huweza kufika viganja vitatu au vinne. Video ya saa moja inakula viganja mamia. Na sasisho kubwa la kompyuta linaweza kumaliza magunia kadhaa.

Kwa hiyo fanya mambo haya. Kama laptopu ina Windows 10, fungua sifa za mtandao wako wa OFISI1, kisha washa sehemu inayosema kwamba muunganisho huu unapimwa. Hapo laptopu itajibana. Windows 7 haina sehemu hiyo, basi zima masasisho ya kujiendesha. Vilevile simu nyingi zinakuruhusu kuweka kikomo cha data. Ukiweka megabaiti 300, zikifika mtandaopepe unakatika. Mwisho, andika barua zako na ujaze orodha zako kabla ya kuwasha intaneti. Washa wakati wa kutuma tu, kisha zima.

Mahali pa kuiweka simu

Bati huzuia mawimbi. Ukuta mnene wa udongo nao huyapunguza, na wale wenye nyumba za tembe wanajua kwamba ndani simu inashika kijiti kimoja. Dawa ni rahisi. Iweke simu dirishani au mahali pa juu palipo wazi, halafu laptopu ikae ndani hatua tano au sita. Huo ndio uzuri wa kutotumia waya. Lakini simu usiianike juani. Ikitangaza waifai hupata joto, na jua la Dodoma likiongezeka juu yake itajizima. Ichomeke kwenye chaji, maana kazi hii hula betri haraka. Na laptopu ikunje na kuifunika kila ukimaliza, hasa miezi ya upepo, kwa sababu vumbi letu huziba feni yake.

Usalama wa wanachama

Katika laptopu ile mna majina ya wakulima, namba zao za simu, na akaunti zao za benki. Hiyo ni mali ya watu. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Kwa hiyo neno la siri la OFISI1 lisiandikwe ukutani. Kijana akija na simu yake kuomba "kuonjeshwa" intaneti, mwambie hapana kwa upole. Ukishampa yeyote neno la siri, libadilishe.

Jambo jingine ni umri wa programu. Windows 7 iliacha kupewa marekebisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake matundu mapya yakionekana, hayazibwi tena kama zamani. Shauri langu ni hili: laptopu ya namna hiyo itumie kwa kuandika, kutuma orodha, na kusoma habari. Mambo ya benki na kutuma pesa yafanye kwa simu inayopata masasisho. Kama mna fundi mwaminifu, muulizeni juu ya Linux. Ni programu ya bure, na zipo aina zake nyepesi zinazoweza kuipa laptopu ya zamani maisha mapya yenye kinga. Ila kabla fundi hajagusa kitu, orodha zote zinakiliwe kwanza katika flashi.

Faida yake ni nini?

Kwetu uwanda wa kati tunapata msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Ukikosea mwanzo wake, umekosea mwaka. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu, na katika kioo kikubwa cha laptopu kamati nzima inaweza kuusoma pamoja. Ufuta, mbaazi na dengu vimekuwa vikiuzwa kwa minada ya kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Chama chenye intaneti hufuatilia bei badala ya kungoja kuambiwa. Tume ya Maendeleo ya Ushirika nayo ina Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, MUVU, ambamo vyama huingiza taarifa zao. Kazi hiyo ni ngumu kwa kioo kidogo cha simu. Kosa la tarakimu moja katika akaunti ya yule mama lilitokana na nini? Labda ni vidole vikubwa juu ya herufi ndogo.

Lipo jambo la mwisho, nalo ni la kamati. Msimwachie katibu alipe bando kwa fedha zake. Akilipa yeye, siku atakapokosa fedha kazi ya chama italala, au atajiona kwamba intaneti ni yake na taarifa ni zake. Kaeni mkutanoni, mkubaliane kiasi cha bando kwa mwezi, kiandikwe katika daftari la fedha kama mnavyoandika nauli. Kisha wafundisheni watu wawili, si mmoja. Na mmoja wao awe mwanamke.

Haya basi. Juma hili itoeni laptopu chini ya kanga, mpanguse vumbi, mwiwashe. Tengenezeni tarehe kwanza. Kisha simu iwe gigahezi 2.4, na ufunguo uwe WPA2. Tumeni barua moja tu ya majaribio, mwone kama inafika. Ikifika, nauli ya katibu imebaki katika mfuko wa chama.